Siku ya Kwanza Ilikuwa Huruma

Lifti ya hospitali ilikuwa imeharibika, na watu walijazana chini ya ngazi wakilalamika. Msusi mmoja alimshika mama yake mkono, hajui afanye nini, maana kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu na mama alikuwa anahema. Ndipo akatokea fundi vioo aliyekuwa akitengeneza madirisha pale, ovaroli ya buluu, penseli sikioni.

"Shikamoo mama. Nikubebe?"

Akambeba mgongoni hadi juu, jasho likimtiririka.

Tangu hapo akawa anapita nyumbani kwao kumjulia mama hali. Mama akapona, akawa anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Fundi hakuacha kuja. Msusi naye akaanza kuvaa gauni lake la zambarau siku ambazo hakuwa na safari yoyote.

Dada yake ndiye aliyemtia wasiwasi. "Yule anakuonea huruma tu, mdogo wangu. Usijidanganye."

Neno lile halikumtoka akilini. Akampigia fundi simu.

"Hivi, mama ulimbeba kwa nini?"

"Nilimwonea huruma, mpenzi."

Akakata. Hakupokea tena simu zake.

Jumamosi, saluni imefurika, fundi akaingia na shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Wateja wote wakageuka.

"Ungeniuliza na siku zilizofuata," alisema. "Siku ya kwanza ilikuwa huruma, siwezi kukudanganya. Ya pili nilijiambia nakuja kumwona mama. Kufika, mama mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, nikasononeka. Hapo nikajijua."

Wateja wakaangua kicheko. Msusi hakucheka. Wanaume wa maneno matamu aliwazoea. Huyu angeweza kudanganya kwa neno moja na asigundulike, lakini hakutaka. Moyo ukamjaa.

"Na wewe ulikata simu kwa nini?" fundi akauliza.

Alitaka kusema ni hasira. Ulimi ukagoma.

"Niliogopa," alisema taratibu. "Niliogopa kwamba napenda peke yangu."

"Hauko peke yako, malaika wangu."

"Basi nioe."

Fundi akapigwa na butwaa. "Unasema hivyo kwa sababu watu wanatuangalia?"

"Nasema kwa sababu nataka," alijibu, vidole bado vimeshika nywele za mteja.

Mteja akapaza sauti: "Shemeji, kubali upesi, mwenzenu nimesukwa nusu!"

Akakubali.