Waliolipiwa Kodi

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata Royce Tadlock, mume wa dada yangu Darla, na mimi nilikuwepo, ingawa sikupenda. Ukimwona Royce mezani akipaka siagi kwenye mkate wa mahindi utasema ni mpole. Jirani akifiwa, yeye huanza kwa tangazo la msiba, kisha anafungua tovuti ya kaunti kuangalia kama marehemu ameacha kodi ya nyumba bila kulipwa. Hiyo ndiyo kazi yake. Yeye anaiita uwekezaji. Mimi naiita ufisi, na fisi anisamehe.

Kwetu, Kaunti ya Tarpley, nyumba yenye deni la kodi hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za mahakama, mchana kweupe. Msaidizi wa sherifu anasoma majina kwa sauti, wenye pesa wananyoosha kidole, wenye aibu wanapita upande wa pili wa barabara. Jumanne ile ilikuwa njema, jua la kiasi, watu wanamenya karanga za kuchemsha na kuulizana habari za watoto. Royce alinyoosha kidole mara moja tu, akanunua nyumba ya Bi Verlene Hasty.

Bi Verlene yu hai, na hajawahi kukwepa kodi maishani mwake. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa limekatwa viwanja viwili: kimoja cha nyumba, kingine kipande cha nyuma walikozikwa wazee wa ukoo. Mume alipokufa, bibi akawa anakwenda dirishani kila mwaka, anataja namba ya kiwanja aliyoikuta kwenye karatasi za mumewe, analipa na kushukuru. Namba ile ilikuwa ya makaburi. Kwa hiyo wafu hawakudaiwa hata senti, nyumba ikadaiwa miaka yote. Kaunti walipoambiwa walisema kilicholipwa kimelipwa, hakihamishwi. Royce alikuwa ameliona kosa hilo zamani kwenye kompyuta, akanyamaza.

"Kwa nini hukumwambia bibi wa watu?" nilimuuliza.

"Shemeji, kwani mimi ni miwani yake?"

Bi Verlene alikuwa bado na haki ya kuikomboa nyumba kwa kulipa deni, na alikwishauza hata gari akichangisha pesa. Ili kuifuta haki hiyo, mnunuzi anatakiwa kumkabidhi notisi kila anayeishi pale, mkononi, mbele ya shahidi. Akikuta nyumba haina mtu, anaandika hivyo na mambo yanaisha kimyakimya. Basi Royce akachagua siku ambayo bibi yuko mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Darla alinisihi niende nikawe shahidi. Nilikwenda, lakini nikiwa nimekusudia kumwambia sherifu ukweli wote.

Tulifika mchana, jua la utosi. Nyenje walikuwa wanapiga kelele mitini hadi masikio yanauma. Royce akapanda barazani na bahasha yake, akagusa mlango kwa kidole kimoja.

"Hodi! Umesikia mtu, shemeji? Mimi sijasikia."

"Hata paka angegonga kwa nguvu kuliko wewe."

Akacheka, mjinga yule. Akainama juu ya ukingo wa baraza, akayatazama mawe ya makaburi kule nyuma, akapaza sauti. "Na nyie huko! Si mnaishi hapa? Njooni basi mchukue notisi zenu!"

Nyenje wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Tukasikia hatua ndani ya nyumba. Za mtu mmoja, polepole. Kisha za wengine nyuma yake. Mbao zikalia jikoni, zikalia ukumbini, zikaja kwetu.

"Nani huyo?" Royce alininong'oneza.

"Si wewe uliyewaita?"

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, na mkono ukapita. Ulikuwa wa mwanamume. Mkavu, rangi ya jivu, kucha zimejaa udongo. Kiganja kikakunjuka juu. Kikasubiri.

Royce akaweka bahasha. Nadhani hata yeye hajui kwa nini. Kiganja kikafumba, kikaingia ndani. Kikarudi kitupu.

"Moja haitoshi," sauti ikanong'ona. "Tupo wengi."

Pazia la dirisha la kulia likasogea. La kushoto likasogea. Kisha la kile kidirisha cha darini, ambako hakuna sakafu ya mtu kusimama.

Nilikimbia, na sioni haya kusema. Royce alinisukuma getini ili apite kwanza.

Ungedhani amekoma. Mwenye roho ya korosho hakomi. Kesho yake asubuhi aliandika kwa mkono wake kwamba nyumba ni tupu, haikaliwi na mtu, akaniletea nitie sahihi.

"Tupu?" nikamwambia. "Mimi nitaandika imejaa."

"Ulikuwa upepo, shemeji. Wanawake mna hofu."

Nikawasha gari nikaenda kwa sherifu. Royce naye akatafuta mlevi mmoja, akamlipa kwa bia, sahihi ikapatikana, karatasi ikafika kaunti kabla maneno yangu hayajamaliza kuandikwa. Jioni hiyo ndipo Darla aliponipigia simu. "Njoo," alisema, akakata simu.

Nilimkuta Royce mbele ya kompyuta, midomo imemkauka. Alikuwa amefungua tovuti kulitazama jina lake kwenye nyumba ya bibi. Tovuti ile ina picha ya kila kiwanja, iliyopigwa kwa ndege tangu majira ya baridi. Lakini iliyokuwa mbele yake ni picha ya kiwanja chake mwenyewe. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba chake cha kulala, palikuwa na shimo. Kingo zimenyooka. Udongo umerundikwa pembeni.

Tulitoka nje na tochi. Hakuna kitu. Majani yale yale anayoyakata kila Jumamosi.

Tukarudi ndani. Shimo bado lipo. Na sasa lilikuwa limezungukwa na kofia. Kofia za kiume za kizamani na za kike za kanisani, zinavyoonekana ukiwa juu. Nyingi. Zimesimama duara.

"Wanamngoja nani?" Darla alinong'ona.

Hata Royce, pamoja na ujinga wake, alikuwa ameelewa.

Asubuhi ofisi zilipofunguliwa alikuwa wa kwanza mlangoni. Akaifuta ile karatasi ya nyumba tupu, akasaini kuirudisha nyumba kwa Bi Verlene, akalipa ada mwenyewe bila kuulizwa, huku akimfokea karani afanye haraka. Mimi ndiye niliyempelekea bibi hati. Aliisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Royce Tadlock karudisha nyumba bure? Anaumwa?"

"Bado," nikamjibu.

Siku hizi Bi Verlene analipia viwanja vyote viwili, na ukifungua picha ya kwa Royce utaona majani matupu. Hakuna shimo, hakuna kofia. Lakini ukienda kwa miguu hadi chini ya lile dirisha, utakuta majani yamekufa, sehemu moja tu, kingo zake zimenyooka. Ameyamwagilia. Ameleta majani mapya kwa gari, yakafa. Darla amehamia chumba cha mbele. Juzi nilimkuta shemeji amesimama pale kichwa chini, na kwa kuwa ni mrefu na amejivunia urefu wake maisha yote, nilipima kwa macho. Anatosha, na panabaki nafasi kidogo ya sanduku.