Mwalimu wa Mipira ya Juu

Mfuko ulipasuka pale pale ngazini watu walipobanana. Mipira arobaini ya besiboli ikaporomoka ndani ya jengo la maduka, ikapenya katikati ya miguu na vikapu, na mwenyewe, mwanamke mrefu aliyevaa kofia nyekundu na suruali ya michezo iliyopauka magotini, akaifukuza huku akiomba radhi kulia na kushoto.

Chini ya ngazi palikuwa na kibanda cha saa. Fundi alitoka na lenzi bado jichoni, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akaanza kuiokota na kuijaza kwenye boksi la saa ya ukutani.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Ilikuwa arobaini."

"Mmoja uko ndani, ila kuna mtu ameukimbia."

Nyuma ya meza alijikunyata msichana wa miaka saba, mikono kichwani.

"Huyo ni Sisimizi wangu," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Tangu mama yake afariki, chochote kinachokuja kwa kasi anakikimbia."

"Mlete uwanjani Jumamosi. Kazi yangu ni kufundisha watoto wasikimbie mipira."

"Na baba zao je?"

"Wewe umenidakia thelathini na tisa. Umeshafaulu."

Fundi akacheka, na lenzi ikamdondoka jichoni.

Jumamosi walikuja kweli. Uwanjani wote walimwita Kocha, na hakuna aliyekuwa na subira kama yeye kwa watoto wadogo. Mwezi wa kwanza hawakugusa mpira mgumu. Alirusha mipira ya sponji, laini kama mkate. "Mpira wa juu hudanganya," aliwaambia. "Unadhani utaangukia mbele, kumbe unakupita. Hatua ya kwanza iwe ya nyuma. Glavu juu ya paji la uso, vidole vielekee mawinguni. Jua likikuchoma, lizibe kwa glavu, lakini mpira usiuache."

Sisimizi alifumba macho wiki tatu nzima. Wiki ya nne akafumbua moja. Ya tano akadaka, akabaki ameduwaa, akitazama glavu kama imemtagia yai.

Fundi alikaa pembeni na chupa ya chai, na zamu yake ya kumsogezea Kocha kikombe haikumpita hata siku moja. Jioni, Kocha akishamlisha mama yake, aliyepigwa na kiharusi na kulala chumba cha nyuma mwaka wa pili sasa, fundi alimpigia simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula ugali wa kuungua. Sisimizi anasema umenilisha limbwata, sioni moto."

"Mwambie limbwata ni ghali, nimekuwekea sukari tu."

"Kocha, mpira mgumu usimpe bado. Mpaka niseme. Huyo ndiye niliyebaki naye."

"Nimekusikia, mpenzi."

Lakini Sisimizi alikuwa na lake. Jumatano moja, baba hayupo, alimvuta Kocha mkono. "Baba anatimiza miaka arobaini wiki ijayo. Nataka nimdakie mpira wa kweli mbele yake. Usimwambie. Niapie!"

Kocha alisitasita. Kisha, kwa kuona macho yale yaliyokuwa yakifumbwa sasa yamefumbuka yote mawili, akaapa.

Mpira mgumu wa kwanza aliudaka. Wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano ulipanda ukaingia kwenye jua, mtoto akautafuta, glavu ikashuka kidogo tu. Ulimpata mdomoni. Meno mawili yaling'oka, na mdomo ukashonwa nyuzi sita.

Fundi alifika zahanati anahema. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini?"

Kitandani, juu ya pamba iliyojaa damu, macho ya Sisimizi yalimganda Kocha. Kocha akamgeukia fundi. "Nilikosea."

"Nilidhani nimempata mtu wa kumkabidhi mwanangu," fundi alisema, akampa mgongo.

Mama mkwe wa fundi, aliyekuwa akimtaka mjukuu tangu msiba, hakuhitaji sababu nyingine. Alifika wiki hiyo hiyo, akafungasha nguo za mtoto, akaondoka naye kwenda kwake, mwendo wa siku mbili kwa basi. Kocha alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. Mwisho akaacha. Aliendelea kurusha mipira, ila watoto waliona kwamba sasa anarusha karibu karibu, kama anayeogopa mkono wake.

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja wa mvua simu ikalia.

"Kocha." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Sisimizi amenieleza yote. Kwa nini hukusema?"

"Nilimwapia. Na mpira niliurusha mimi, si yeye."

"Njoo dukani. Nafunga."

Alidhani anafunga kwa siku ile tu. Alimkuta anafunga duka moja kwa moja. Saa zilishushwa ukutani, na fundi alikuwa akizifunga kwa magazeti, moja moja. Kocha akavua kofia iliyolowa, akashika gazeti, akamsaidia.

"Bibi yake hamrudishi," fundi alisema. "Na mtoto ameanza kukojoa kitandani. Namfuata. Nimepata meza kwenye duka la rafiki kule." Akaweka saa chini. "Nisamehe. Nilikutupia maneno ambayo hata adui simtupii. Twende wote. Nakuoa kesho, na kofia hiyo hiyo kichwani."

Kocha alicheka. "Utaoa wawili. Mimi na mama."

"Nitawaoa wote."

"Daktari amesema hata barazani asibebwe ovyo. Siku mbili kwenye basi zitamuua."

"Basi nitakungoja."

"Usiningoje."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Ukiningoja, nami nitangoja. Nitakuwa namlisha mama yangu uji huku nahesabu siku zake. Sitaki kumtazama kwa jicho hilo."

Fundi alimkumbatia pale katikati ya maboksi, wapita njia wakawatazama, wao wasijali. Kisha wakamaliza kufunga saa zilizobaki.

Kocha alifika nyumbani amelowa chapachapa. Mama yake aligeuza kichwa juu ya mto, nusu ya mdomo ikihangaika na maneno.

"Fu...ndi?"

"Nimemwona, mama."

"Na?"

"Anaondoka."

Mama alipapasa godoro kwa mkono wake mzima, akajisogeza kidogo ukutani. Kocha akalala hapo kando yake, na viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya zahanati akalia kwa sauti.

"Unge...kwenda," mama alisema.

"Lala, mama."