Katani ya Mama Mghoi

Rafiki yangu Mwangangi hajui kutia chumvi; kipaji hicho nilipewa mimi peke yangu hapa Voi. Ndiyo maana hadithi hii yake ya kijijini Sagalla naisadiki.

Kazi yake ni kukoroga tope la kuchimbia visima. Linamwagwa shimoni, linapoza meno ya mashine, kisha linapanda na mawe yaliyosagwa. Mchana ule tope lilishuka, halikurudi. Pipa baada ya pipa, kimya.

"Lisiporudi leo tunahamisha mashine," akasema Nzomo, bosi wake. "Sagalla wakanywe umande."

Chini palikuwa na ufa, na ufa huzibwa kwa nyuzi. Mwangangi akakimbilia kwa Mama Mghoi, mwenye shamba, akabeba katani yake yote ya kusukia vikapu.

"Haya, mwanangu, na kikapu changu atasuka nani?"

"Shimo litakusukia, mama!"

Wakacheka. Katani ikakorogwa ndani ya tope, shimo likaimeza. Nzomo akazima injini wasikilize.

Kule gizani kukasikika kwaru, kwaru, kama kucha kwenye jani kavu. Halafu, injini ikiwa bado imezimwa, tope likapanda lenyewe hadi mdomoni. Watu wakashangilia.

Mwangangi akachota kwa karai. Ndani mlikuwa na kitako cha kikapu, msuko uleule wa Mama Mghoi. Uzi wake wa mwisho ulikuwa bado umening'inia shimoni. Akaushika.

Ukavutwa kutoka chini, taratibu, kama msukaji anapokaza.