Wana Tisa wa Chifu Loku

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, msichana aitwaye Afisa alifungua sanduku la bati la babu yake, kwa ufunguo aliopewa na mzee mwenyewe, na kukuta kitabu chake cha jeshi hakimo. Kilikuwa kimelala humo kwa miaka sitini, chini ya kanzu ya Idi. Saa kumi jioni ya siku hiyohiyo, wazee wa pande mbili wangekutana uani hapo, pembeni ya mji wa Koboko, kuamua kama harusi yake ipo au imekufa. Afisa hakulia. Alimpigia simu Candiru.

Candiru wa Arua alikuwa sajenti wa polisi kabla ya kustaafu. Sasa alipeleleza nasaba za watu wanaotaka kuoana, kazi ambayo aliiona haina tofauti na ile ya zamani, ila chakula chake ni kizuri zaidi. Simu ilimkuta tayari yuko njiani, maana jamaa wa bwana harusi, Latifu, walikuwa wamemwomba aje akakague kitabu hichohicho. Saa nne na dakika kumi alikuwa amekaa uani na kikombe cha chai ya tangawizi.

Balaa lilianza Jumatano. Faruk, kaka yake Afisa, alijiunga na tovuti ya nasaba iitwayo Shina, akaandika jina la babu yao, Mzee Yasiri, ambaye wote walimjua kuwa mwana wa Chifu Loku. Mashine haikuchukua hata dakika. Ikatangaza kwamba Yasiri mwana wa Loku, na marehemu Koplo Doka mwana wa Loku, ni ndugu wa baba mmoja, uhakika asilimia tisini na nane. Huyo Doka ndiye babu yake Latifu. Dini isingewazuia vijana hao, lakini kwa kabila lao la Wakakwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, na kufikia chakula cha mchana wachumba wawili walikuwa wamegeuzwa dada na kaka. Kitabu cha jeshi, ambamo huandikwa jamaa wa askari, ndicho pekee ambacho kingeweza kuibishia mashine, nacho kimetoweka.

Candiru alianza na sanduku. Kufuli lilikuwa zima, bila hata mkwaruzo.

"Nani iko na funguo?" aliuliza.

"Mimi tu, Afande," alisema Mzee Yasiri. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyekaa kwenye kiti chenye mikono ambacho kilibebwa mbele yake katika kila harusi na kila matanga. Mwana wa chifu hakai mkekani. "Iko hapa shingoni. Mimi natoa wakati ya kuoga tu."

"Nani aliona kitabu mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Afisa. "Alhamisi jioni. Babu alinifungulia nitoe picha ya marehemu bibi."

Basi kitabu kiliondoka kati ya Alhamisi jioni na asubuhi hii. Candiru akamwita Night Poni, binti wa Mzee Yasiri na shangazi yake Afisa, mwanamke asiyependa kuzungushwa.

"Wewe nataka kuuliza kama mimi nataka hii harusi? Mimi hapana taka," alisema Night Poni. "Afisa ndiye nasaidia mimi kuuza vitenge. Akienda Arua, mimi nabaki peke yangu. Lakini jana mimi ilikuwa Oraba toka asubuhi mpaka jioni, uliza watu yote ya mpaka. Halafu mimi nikitaka kuharibu harusi, naficha viatu ya bibi harusi. Kitabu ni ya nini?"

Candiru alicheka, akamwamini. Akamgeukia Faruk, ambaye tangu Jumatano alikuwa akitembea ameinamisha kichwa.

"Hii kitu ulifanya namna gani?"

"Mashine iliuliza, kubali ao kataa. Mimi nilikubali."

"Kwa nini?"

"Ile ya kukubali ilikuwa na rangi ya kijani."

"Na babu alisema nini?"

"Alifurahi sana. Alisema, muliona, hata mashine najua mimi iko mwana ya chifu. Halafu mimi nilisoma jina ya Doka, akanyamaza. Mpaka leo hasemi mingi."

Candiru alilitia neno hilo akilini. Kisha akasema, "Sasa onyesha mimi kile mashine yenyewe iliona."

Faruk alipekua simu. Nyuma ya ile asilimia tisini na nane kulikuwa na karatasi moja tu, orodha ya zamani ya vijana walioandikishwa jeshini Koboko tarehe kumi na mbili Machi 1963. Candiru alivaa miwani. Namba za askari zilifuatana bila kuruka. Yasiri, mwana wa Loku. Doka, mwana wa Loku. Chini yao wengine saba, wote wana wa Loku, wote wamezaliwa 1945.

"Chifu Loku alikuwa na wake wangapi?"

"Babu nasema wawili."

"Wake wawili, watoto tisa, mwaka moja." Chai ilimwagika kwa kicheko. "Na mashine haikushangaa."

Afisa alimtazama kwa macho yaliyoanza kupata uhai. Lakini Candiru alijua wazee hawataifuta asilimia tisini na nane kwa kicheko cha sajenti mstaafu. Alihitaji kitabu. Akainuka kunyoosha miguu, na hapo ndipo alipogundua ni nini kilichokosekana katika ua ule. Hakukuwa na sauti ya redio.

Redio ya Mzee Yasiri, kubwa kama mkoba wa fundi, ilikuwa chini ya kiti chake, kimya. Betri zake sita nene zilikuwa zimepangwa dirishani zikianikwa juani, kama watu wafanyavyo betri zikichoka. Kila aliyepita aliziona, na hakuna aliyezijali. Candiru aliokota moja. Nailoni ya dukani bado ilikuwa imeing'ang'ania ubavuni.

"Nani alinunua hizi?"

"Mimi," alisema Faruk. "Jana mchana, sokoni."

Candiru aliirudisha betri mahali pake, akaomba aongezewe chai.

Saa kumi kamili wazee walikuwa wamekaa. Kwa upande wa Latifu alikuja Mzee Ayiko, mjomba wake, mtu mnene mwenye sura ya kusamehe. Latifu mwenyewe alisimama nyuma, akimtafuta Afisa kwa macho. Candiru aliwasomea orodha, jina kwa jina, na kufikia la tano watu walikuwa wameanza kucheka.

"Hii ni kichekesho, lakini si ushahidi," alisema Mzee Ayiko. "Kitabu iko wapi?"

"Kitabu haikutoka hapa uani," alisema Candiru. "Kufuli haikuvunjwa, na funguo ni moja. Jana Faruk alinunua betri mpya. Leo iko juani. Betri mpya naanikwa kwa nini? Faruk, rudisha betri kwa redio, tusikie habari."

Faruk aliinama kuchukua redio. Mzee Yasiri aliweka mkono juu yake.

"Wacha," alisema. "Nafungua mwenyewe."

Akafungua kifuniko cha nyuma. Mahali pa betri palikuwa na kitabu kidogo cha kahawia, kimekunjwa. Alikishika bila kukitazama.

"Sisi tulikuwa tisa," alisema. "Baba zetu hawakuja kwa kuandikisha. Chifu alisimama kwa sisi wote, karani akaandika jina yake kwa mustari ya baba, kwa wote tisa. Sisi tulicheka. Mimi nilikuwa nachunga mbuzi ya chifu, basi. Lakini nilipotaka kuoa Medina, bibi yenu, baba yake aliona ukurasa ya kwanza tu ya hii kitabu. Akasema, kumbe huyu ni mwana ya chifu. Akanipa binti. Mimi nilinyamaza, na tangu siku ile watu naniletea kiti."

Afisa alipiga magoti mbele yake. "Babu, ulitaka mimi nikose Latifu kwa sababu ya kiti?"

"Hapana, mwanangu. Kila siku nilisema nitasema kesho." Macho yalimjaa machozi. "Lakini kiti ilikuwa tamu."

Akampa kitabu. Afisa alifungua ukurasa wa tatu, akasoma: "Wa kuarifiwa akifa: Wani wa Kuluba, baba mzazi."

"Huyo ndiye baba yangu," alisema Mzee Yasiri. "Na ukoo yake si ya Loku, si ya Doka."

Night Poni alipiga kigelegele cha kwanza, yeye aliyekuwa haitaki harusi. Faruk alifungua Shina kumtenganisha babu yake na chifu. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akamwelekezea babu simu, na mzee akakibonyeza kitufe chekundu kwa kidole gumba.

Kisha Mzee Yasiri aliinuka, akakiacha kiti chake, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mwisho karibu na mlango wa jiko. Hakuna aliyemtuma. Mzee Ayiko alimtazama kitambo, akajiinua kwa kuhema, akakibeba kiti mwenyewe mpaka pale mkekani.

"Kaa, mzee," alisema. "Hii kiti tulileta kwa babu ya bibi harusi."