Mashine Iliyomsahau Natalia

Asubuhi ya kwanza Natalia alidhani amekosea mwenyewe. Aliwasha kompyuta ya ofisi, akaandika neno lake la siri, na badala ya skrini aliyoizoea, yenye Kiswahili, maandishi makubwa na picha ya mwanawe Joseph, ikaja skrini nyeusi tupu yenye herufi ndogo kama punje za ulezi. Akatoka, akarudi kwenye skrini ya kuingilia, akachagua mpangilio wake, akaingia tena. Mambo yakakaa sawa. Kesho yake ikawa nyeusi. Keshokutwa nyeusi tena.

Ilikuwa ofisi ya kamati ya maji, katika kijiji kimoja cha nyanda za juu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Mbulu mjini. Chumba kimoja tu cha tofali. Nyuma yake, hatua tatu kutoka dirishani, palikuwa na chemchemi ya zamani ambayo waliojenga mradi waliifunika kwa zege, maji yakaingizwa kwenye bomba. Kompyuta nayo ilikuja na mradi. Waliiwekea mfumo wa Linux, wakisema haisumbuliwi na virusi na haitampa mtu shida.

Funguo za mlango zilikuwa mbili. Mmoja wa Natalia, mwingine wa Modest, mwangalizi wa bomba, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Kabla ya kompyuta, Modest ndiye aliyeandika zamu za maji kwa mkono, daftari baada ya daftari, miaka kumi na mmoja. Mashine ilipoletwa, kamati ilimpa Natalia kiti kwa sababu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Modest hakusema neno. Na ukimya huo ndio Natalia alioanza kuutazama kwa jicho jingine.

Siku ya tano alikuta kibodi imelowa. Haikuwa kama iliyomwagikiwa chai. Kila kitufe kilikuwa na tone lake, na chumba kilinuka tope la bondeni, tope la mahali pasipopigwa jua.

Alimpigia fundi Abel, kijana mtulivu aliyekuwa akitengeneza kompyuta za shule pale Mbulu mjini. Abel akaja na mkoba wake, akaketi, akafungua dirisha jeusi la maandishi na kuanza kuchapa. Alitazama kama diski imejaa. Haikuwa imejaa. Alitazama kama mashine ilikuwa ikizimwa vibaya. Hapana. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Dada, mashine haijasahau," akasema. "Inazuiwa kukumbuka."

"Na nani?"

"Kuna faili linalotunza uchaguzi wako. Linatakiwa kuwa lako. Sasa hivi si lako, lina mwenyewe mwingine."

"Modest," Natalia akasema.

Abel akatikisa kichwa. "Kila mtu aliyeandikishwa humu ana jina na namba. Huyu ana namba tu. Jina hana. Na mimi ndiye niliyeandikisha watu humu, sikumwandikisha huyu." Akaweka kidole kwenye kioo. "Amelishika leo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nakamua ng'ombe."

Abel akalirudisha faili kwa Natalia, akabadilisha neno la siri, akaondoka. Kesho yake skrini ilikuwa nyeusi, na faili lilikuwa la yule yule asiye na jina.

Natalia hakungoja tena. Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee Hermani, na mbele ya wajumbe wanne akasema Modest huingia ofisini alfajiri kumharibia kazi ili aonekane hafai. Modest alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Siku hiyo Natalia hakumpa shikamoo.

"Mashine ile sijui hata pa kuiwashia," Modest akasema.

Mzee Hermani akachukua ufunguo wa Modest. Akasema kamati itakaa mwisho wa wiki kuamua kama ataendelea na kazi. Asubuhi iliyofuata, ufunguo wa Modest ukiwa kabatini kwa mwenyekiti, kibodi ililowa tena. Natalia akajiambia Modest amechongesha ufunguo mwingine.

Jioni ile Modest alikuja mpaka nyumbani kwa Natalia. Hakukaa alipokaribishwa.

"Kesho kabla hakujapambazuka vizuri, mimi na wewe tusimame dirishani," akasema. "Ukiona mkono wangu mle ndani huku nimesimama na wewe nje, hapo utasema ni mimi."

Wakaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, hata paa la ofisi halikuonekana mpaka walipolifikia. Kufuli lilikuwa limefungwa. Wakasimama dirishani, bega kwa bega. Saa kumi na mbili na dakika kumi kioo cha kompyuta kikawaka.

Kwanza Natalia alisikia vitufe, kimoja kimoja, kama mtu anayejifunza, halafu vikaongeza mwendo, na kiti kilikuwa kitupu, na kwenye kiti kile kitupu maji yalikuwa yakichuruzika kutoka mahali pasipo na kitu, yakishuka miguu ya kiti na kutambaa sakafuni mpaka chini ya dirisha walipokuwa wamesimama, na ile harufu ya tope ikapenya kwenye upenyo wa mbao ikawaingia puani, na kwenye kioo picha ya Joseph ikafifia taratibu, macho yakitangulia, kisha mdomo, mpaka ukabaki weusi mtupu, na vitufe vikanyamaza ghafla kama mtu aliyegundua kwamba anatazamwa.

Modest akamshika mkono, akamvuta. Hawakusimama mpaka walipofika kwa bibi Marieta.

Bibi Marieta alikuwa mwanamke mzee sana, aliyewahi kuchota maji kwenye ile chemchemi kabla haijafunikwa, na watu walimwendea kwa mambo ambayo hawakumpelekea padri. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Yale maji yana mwenyewe," akasema polepole. "Wazee walipochota walimwomba. Nyinyi mmemfunika hai, mkajenga, mkaanza kuandika majina ya watu juu ya kichwa chake. Sasa na yeye anataka kuandikwa."

"Tufanyeje, bibi?" Natalia akanong'ona.

"Zege livunjwe, apate kupumua. Mmwagieni maziwa na pombe ya asali. Mashine ihamishwe. Lakini atakayevunja asitaje jina lake pale. Hata akiulizwa na sauti anayoifahamu, anyamaze. Hilo jina ndilo analolitafuta."

Mzee Hermani alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba mjumbe yeyote wa kamati asionekane pale. Hakuna kijana aliyetaka kushika nyundo. Modest akaichukua.

Walifanya kazi hiyo saa nane mchana, jua likiwa wazi. Bibi Marieta alisimama kando na kibuyu cha pombe. Natalia alikuwa na kibuyu cha maziwa, nyuma ya Modest, hatua mbili tu. Nyundo ilipiga, zege likapasuka, ufa ukatoa pumzi ya baridi. Modest akainama kulivuta bonge la kwanza.

Ndipo Natalia alipoisikia sauti yake mwenyewe. Haikutoka kinywani mwake. Kinywa chake kilikuwa kimefumba, alikihisi kimefumba. Ilitoka chini, kwenye ufa, yenye hasira ile ile aliyokuwa nayo mbele ya wajumbe.

"Ni nani anayeingia ofisini alfajiri? Ni nani anayeniharibia kazi?"

Natalia akanyoosha mkono kumgusa Modest bega, akachelewa. Modest hakugeuka. Alikuwa ameinama bado, mgongo umemlowa jasho, na mtu aliyevumilia wiki nzima kwa kimya hatimaye akajibu.

"Siyo mimi, dada. Mimi Modest Yohanes sijawahi kuchukua cha mtu."

Bibi Marieta akafunga macho.

Maji yakapanda kupitia kwenye ufa, safi, mengi, yakamfunika Modest miguu. Wakamwaga maziwa, wakamwaga pombe, yakachukuliwa. Modest akanyoosha mgongo, akaweka nyundo chini, akatembea kwenda nyumbani bila kuaga.

Kompyuta ilihamishiwa chumba kimoja cha shule ya msingi. Abel alipoifungua, faili lilikuwa la Natalia. Asubuhi iliyofuata picha ya Joseph ilimngoja kwenye kioo, na Kiswahili chake, na maandishi yake makubwa. Alikuwa bado anaitazama, simu ikaita. Alikuwa Lucia, mke wa Modest.

"Amesimama uani tangu kumekucha," Lucia akasema kwa sauti ya chini. "Anauliza hii ni nyumba ya nani. Mwanetu Glory amempa shikamoo, baba yake hajui kuitikia."

Jioni walimfundisha. Jina lake, mke wake, watoto, mlango wa chumba cha kulala. Alisikiliza kwa adabu, akayarudia yote bila kosa, akacheka hata na Glory. Kulipokucha hakuwa nalo hata moja, na mto wake ulikuwa umelowa.

Ni mwezi wa nne sasa tangu zege livunjwe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, Natalia hupitia nyumbani kwa Modest. Humkuta ameketi kwenye kigoda, Lucia akimpa chai na kumwambia chai ni nini.

"Shikamoo, baba Glory," husema Natalia. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Modest humtazama, mtu mpole anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza. "Umenikosea nini, mama?"

Naye Natalia hukaa chini, akamweleza tangu mwanzo jinsi alivyomsingizia. Kila asubuhi uso wa Modest huumia upya, kama mtu anayeambiwa leo. Kila asubuhi hufikiri kidogo, kisha husema amemsamehe.