Uzi Mwekundu wa Dirisha la Rani

Sumbul aliinama kabla ya kuufikia mlango mfupi.

Mlango huo wa ngome ya Ratankot ulijengwa mfupi makusudi, ili adui aingie ameinamisha shingo, na mgeni asiyeujua huondoka na nundu ya kumbukumbu. Irshad alikuwa ameshapata yake. Lakini Sumbul alikuwa mtoto wa miaka sita, kichwa kikimfikia baba yake kiunoni. Angepita wima na nafasi ingebaki. Hata hivyo aliinama kama mwanamke mrefu, mkono mmoja kichwani, akapita taratibu.

"Wee bibi kizee, nani kakufundisha?" Irshad alimtania huku akisugua paji la uso.

"Usipoinama ushungi unakwama, Abbu."

Hakuwa na ushungi. Alivaa kofia ya jua yenye picha ya paka. Irshad alicheka mpaka watalii waliokuwa nyuma wakacheka naye. Nuzhat, mkewe, hakucheka.

"Turudi," alisema. "Uzi tumeshafungua, tumeshashukuru. Huku juu tunafuata nini tena?"

"Tiketi nimelipia, begum wangu. Nirudi Lucknow niwaambie watu nimeona ngazi tu?"

Kule chini, kwenye lango la kwanza, pana kaburi la walii. Wenye shida hufunga uzi mwekundu kwenye dirisha lake la jiwe lililotobolewa matundu, na wakijaliwa hurudi kufungua uzi mmoja, wowote ule, maana nani ataujua wake kati ya maelfu? Asubuhi hiyo Irshad alifungua mmoja huku akilia kwa furaha. Maskini, hakujua kwamba alikuwa akishukuru mlango usio wake.

Siku ile ya kufunga uzi, miaka kama saba nyuma, ilikuwa Alhamisi, watu wamejaa, na upande wa wanawake Nuzhat alisukumwa na kukanyagwa hata akatoka bila kulifikia dirisha. Nyumbani alikuwa na mama mkwe aliyemsema kwa sauti ya kusikika: "Hata paka wa jirani ana wa kumwita mama." Mfa maji haachi kutapatapa. Nuzhat alipanda juu pamoja na watalii, akaingia jumba la wanawake wa kifalme, akaona dirisha jingine la matundu, kimya, halina hata uzi mmoja. Dirisha ni dirisha, alijiambia. Akafunga uzi wake, akaweka midomo kwenye jiwe na kunong'ona: "Yeyote unayenisikia, nipe mtoto wa kuniita Ammi."

Aliyemsikia alikuwa karibu mno. Nuzhat alihisi pumzi midomoni, yenye harufu ya asmini iliyooza majini. Alikimbia, na hakumwambia mtu. Mwaka ulipogeuka akajifungua, furaha ikaifunika hofu, na mimi simlaumu. Nani angemrudisha mtoto kwa sababu ya harufu?

Sasa harufu ile ile ilikuwa ikishuka ngazi kuwapokea.

"Sumbul, nipe mkono," Nuzhat alisema, akanyoosha wake nyuma bila kutazama.

Hakuna aliyeushika. Kofia ya paka ilikuwa imelala kwenye kidato cha juu, na mbali zaidi zilisikika nyayo ndogo zikikimbia pasipo kusita kwenye kona hata moja, nyayo za mtu anayerudi kwao, na Nuzhat akazifuata akiita, akapita chumba cha vioo na chumba cha machela, akawapita watalii waliokuwa wakijipiga picha, huku harufu ikizidi kuwa nzito kooni na kicheko cha mwanawe kikijibiwa na kicheko kingine, kizito, cha mtu mzima, mpaka akafika mahali ambapo kwa miaka yote hiyo alikuwa akifika ndotoni.

Sumbul alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha. Mkono wake ulikuwa umeingia mpaka begani katika tundu lisilozidi mdomo wa kikombe. Upande wa pili hapakuwa na chumba wala baraza, ila ukuta ulioshuka wima hadi bondeni. Juu ya kichwa chake uzi ulining'inia peke yake, mwekundu kama wa jana.

"Ammi, huyu ananijua!" mtoto alisema. "Anasema aliniimbia kabla yako."

Irshad alifika akihema, akamkumbatia binti yake na kuvuta. Sumbul alipiga yowe. Mkono ukazama zaidi, shavu likabanwa kwenye jiwe, na kutoka upande wa pili zikasikika kucha zikitafuta mahali pa kushika vizuri. Watalii walikimbia. Mmoja wao, Mungu ambariki, alikimbia kumwita Baba Kudrat, mtunza kaburi la walii.

Mzee alipoingia, hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama uzi.

"Nani kafunga hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Baba."

"Nuzhat?" Irshad alinong'ona. "Ulifunga *hapa*?"

"Walii huomba kwa Mungu, ukapewa," mzee alisema. "Huyu huazimisha, binti yangu. Rani, malkia mwenye chumba hiki, alizika wanawe wote wakiwa wachanga, hakuna aliyefikia kusema. Wengine wanasema ni yeye. Mimi nasema ni jini lililokunywa machozi yake. Fungua uzi nami nisome. Atamwachia mtoto, lakini ataondoka na ulichomwomba."

"Nilimwomba mtoto!"

"Ulisemaje? Neno kwa neno."

"Nipe mtoto wa kuniita Ammi," Nuzhat akarudia. Mzee aliinamisha macho.

"Basi mtoto utabaki naye," alisema.

Nuzhat alielewa, na moyo wake ukapasuka palepale. Alipiga magoti, akaweka uso wake karibu na uso wa mwanawe uliolowa jasho.

"Niite, mwanangu."

"Ammi, mkono unauma."

"Tena."

"Ammi! Ammi, nitoe!"

Baba Kudrat alianza Ayatul Kursi. Nuzhat akafungua fundo alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe, na dirisha zima likashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeshiba. Mkono ukatoka bila hata mchubuko. Sumbul aliruka shingoni kwa baba yake, akachungulia juu ya bega lake.

"Abbu," aliuliza kwa upole, "anti yule analia nini?"

Irshad alitaka kumkaripia. Nuzhat akamzuia kwa kutikisa kichwa.

Walishuka. Kwenye mlango mfupi mtoto alipita wima, kama mtoto yeyote. Chini ya ngazi kamba ya kiatu chake ilifunguka, Nuzhat akainama kumfungia.

"Asante, anti," Sumbul alisema, kwa adabu zile zile ambazo Nuzhat ndiye aliyemfundisha.

Kisha mtoto akageuka, akainua uso kulitazama lile dirisha dogo lililokuwa juu kabisa ya ukuta, akapunga mkono.

"Kwaheri, Ammi!"

Kwa mazoea, Nuzhat alifungua kinywa kuitika. Kutoka juu, dirishani, mtu akamtangulia.