Kazi ya Bi Wanu

Kila siku, mara baada ya sala ya Alfajiri, Bi Wanu alikuwa akitoka nyumbani kwake Michenzani na kwenda kazini kwa miguu. Aliacha chai kwenye chupa, mandazi yamefunikwa kawa, na maagizo yasiyobadilika: Khairat amwamshe mdogo wake Bakar, wapige mswaki, wasichelewe skuli. Baba yao alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo riziki yote ya nyumba ile ilitoka katika hoteli moja kongwe ya ghorofa nne huko Malindi. Bi Wanu alifua mashuka hapo, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa.

Khairat alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alimpenda mama yake, hilo halina shaka. Lakini mwanzo wa mwaka, rafiki yake mpya Dalal, ambaye mama yake ni daktari wa meno, alimuuliza Khairat mama yake anafanya kazi gani. Khairat akajibu kuwa yupo mapokezi, anawakaribisha wageni na kuzungumza nao Kiingereza. Neno lilimtoka tu, na likishatoka kulirudisha ni kazi. Dalal akiuliza wageni wa wiki hii wametoka wapi, Khairat anataja Italia, anataja Poland, na chumvi anaongeza.

Mwezi wa pili Bi Wanu alirudi na karatasi kutoka kazini. Hoteli ilikuwa inawakatia wafanyakazi bima ya fidia, ili mtu akiumia kazini atibiwe na aendelee kupata mshahara akiwa kitandani. Kila mmoja alitakiwa kuandika kazi anayoifanya hasa, kisha wote wapangwe katika makundi: wa ofisini na mapokezi kundi lao, wapishi lao, wafuaji na wasafishaji lao, mafundi na walinzi lao. Hatari za kazi hizo hazilingani, na ada ambayo hoteli inalipa kwa kila kundi hailingani vilevile.

Siku hiyo Bi Wanu alikuwa amesahau miwani yake hotelini. Akampa karatasi binti yake, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote pale nyumbani.

"Nijazie, mwanangu, yote unayajua. Miye nnasali Alasiri, nikimaliza ntatia sahihi."

Bahati mbaya, Dalal alikuwapo. Walikuwa wamekaa pamoja mkekani wakifanya hisabati, na Khairat alipoanza kujaza, Dalal alimwegemea begani akifuata kalamu kwa macho. Jina likaandikwa, mtaa ukaandikwa, mwaka wa kuzaliwa ukaandikwa. Ilipofika nafasi ya kazi, kalamu ikasimama.

Dalal alimkumbusha bila ya ubaya wowote: mapokezi, si ndiyo?

Khairat akaandika "Mapokezi". Moyoni alijiambia kwamba kesho ataomba karatasi nyingine. Bi Wanu alimaliza sala yake, akatia sahihi pale alipooneshwa kwa kidole, akaitia karatasi mkobani. Kesho ilifika na Khairat hakusema kitu, na keshokutwa hakusema, na baada ya wiki jambo lenyewe likamtoka akilini. Kule hotelini, karani Abdulwahid alipokea karatasi arubaini na tatu kwa siku moja, akazinakili kwenye orodha bila ya kuinua kichwa. Alimjua vizuri Bi Wanu. Lau angesoma alichokuwa akinakili, angecheka na kukirekebisha hapo hapo.

Mwezi wa nne masika yalianza. Siku moja mchana mvua ilishuka ghafla wakati mashuka yote yapo darini, juu ya paa, kwenye kamba. Bi Wanu alikimbilia juu kuyaokoa, na wakati wa kushuka na kapu lililojaa aliteleza kwenye ngazi za mbao za ghorofa ya tatu. Alivunjika mfupa wa paja. Madaktari walisema anahitaji operesheni ya kutiwa chuma, halafu miezi kadhaa bila ya kukanyaga chini.

Siku ya nne hospitalini, wakati wa kutazama wagonjwa, Khairat alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Dalal naye alikuja na machungwa, akawa anamenya moja taratibu. Mara akaingia Abdulwahid, uso umemsawijika, pamoja na mwanamke wa makamo mwenye faili kwapani. Aliitwa Bi Hamda, afisa wa kampuni ya bima. Watoto wakatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta kiti.

Bi Hamda alieleza shida yake kwa sauti ya chini. Kwa mujibu wa karatasi, Bi Wanu ni mtu wa mapokezi, na mapokezi yapo chini, mlangoni. Vipi basi ameangukia ghorofa ya tatu na kapu la mashuka? Zipo hoteli, alisema, zinazowaandika wafuaji kuwa makarani ili zipunguziwe ada. Kwa hiyo malipo yote yamesimamishwa, pamoja na ya operesheni, mpaka ajulikane aliyeandika neno hilo. Abdulwahid aliinamisha kichwa. Siku mbili hizo alikuwa ameambiwa na meneja wake akae nyumbani, kwa sababu orodha ilikuwa ya mkono wake.

Bi Wanu akapewa karatasi ile, akavaa miwani akasoma. Alipofika kwenye lile neno midomo yake ikatulia. Hakuna mama asiyeujua mwandiko wa mwanawe. Akaivua miwani, na upande wa Khairat hakutazama hata kidogo.

"Sahihi yangu hii," alisema. "Basi nimeandika miye. Bwana Abdulwahid hana kosa."

"Bi Wanu, fikiri kabla sijaandika," alisema Bi Hamda. "Ukiwa umedanganya mwenyewe kwa makusudi, unaweza kukosa kila kitu."

"Andika."

Khairat aliona wazi kwamba mama yake yuko tayari kulala na mguu uliovunjika kwa ajili ya kumfichia aibu. Akamtazama Dalal na chungwa lake mkononi. Alitamani Dalal asiwepo, alitamani angalau asubiri mpaka aondoke, lakini kalamu ya Bi Hamda ilikwisha kugusa karatasi. Akasimama.

"Niliandika mimi," alisema. "Mama hakusoma, hakuwa na miwani. Mama yangu hayupo mapokezi, anafua mashuka. Nilimdanganya Dalal tangu mwezi wa kwanza, na siku ile alikuwa kakaa ubavuni mwangu. Nikaona haya kuandika kweli."

Dalal aliacha kumenya. Khairat akajua kuwa urafiki umekwisha.

"Ni kweli, nilikuwapo," Dalal alimwambia Bi Hamda. "Na neno lenyewe nilimtajia mimi."

Bi Hamda aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba maneno ya watoto wawili ni mwanzo mzuri lakini hayatoshi, kesho atakwenda hotelini kuiona kazi yenyewe.

"Nenda na huyu binti yangu," alisema Bi Wanu. "Na yeye akaione." Baada ya hapo akageuzia uso ukutani, na Khairat akalia mpaka wakati wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Asubuhi yake Abdulwahid, aliyeitwa hotelini kwa ajili hiyo tu, aliwaongoza hadi uwani, penye mashine za kufulia. Bi Hamda alimhoji mfuaji mwengine, Bi Duni: nani anafua, nani anapandisha, mara ngapi kwa siku. Bi Duni alijibu kuwa yeye na Bi Wanu kila mmoja hupanda darini mara kumi, na wageni wakijaa huzidi. Khairat akaomba apandishe kapu moja. Hakuna aliyemkatalia. Ghorofa ya kwanza aliimudu. Ya pili mikono ilianza kutetemeka, na maji ya mashuka yakawa yanamchuruzikia miguuni na kuzilowesha ngazi. Ya tatu alitua mzigo akakaa hapo hapo, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Aliwaza mara kumi kwa siku kwa miaka tisa, na haya aliyokuwa akiionea kazi hiyo ikamgeukia mwenyewe.

Abdulwahid alishuka akashika upande mmoja wa kapu.

"Ami, nisamehe," Khairat alimwambia. "Umezuiwa kazini kwa sababu yangu."

"Nshakusamehe," alijibu. "Na miye nina langu. Zile karatasi nilizinakili bila ya kuzisoma, na hilo ntalisema kwa meneja."

Walipofika darini, Bi Hamda alimwita Khairat karibu na kamba.

"Sisi hatuwapangi watu kwa vyeo," alisema. "Tunatazama nini kinaweza kumuumiza kila mmoja, ili siku akiumia kinga yake iwe tayari. Ulidhani unampandisha mama yako, mwanangu, kumbe ulimvua kinga."

Wiki iliyofuata Bi Wanu aliandikwa katika kundi la wafuaji, na hoteli ikalipa tafauti ya ada. Abdulwahid alirudi mezani kwake, na safari hii alimhoji kila mfanyakazi ana kwa ana. Kampuni ya bima ikakubali kulipa, siku ya operesheni ikapangwa.

Asubuhi ya siku hiyo Bi Wanu alimwita binti yake kitandani. Hakuwa amezungumza naye sana tangu siku ile.

"Ulichokiandika kiliniuma kuliko mguu," alisema. "Lakini na mimi nilikosa, nilitaka kuufunika uongo wako kwa uongo wangu. Ningefanikiwa, ningebaki kilema, na mtu asiye na hatia angepoteza kazi yake. Uongo mdogo hauumizi yule tu aliyeusema, Khairat. Na kazi ya halali haina aibu. Sare yako ya skuli imetoka katika mashuka yale. Umeonesha ujasiri kusema kweli mbele ya rafiki yako, na kwa hilo nakushukuru."

Khairat alikuwa bado anafuta machozi muuguzi alipofika na fomu ya operesheni. Wodi ilijaa watu, na Dalal, aliyekuja kabla ya skuli, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji wa Khairat. Muuguzi akauliza jina la mgonjwa, umri wake, mtaa wake.

"Na kazi yake?"

"Anafua mashuka hotelini," alijibu Khairat, na sauti yake ikasikika hadi kitanda cha mwisho. "Andika hivyo hivyo."